Boya la alumini linapoingiza maji: kusaka tundu na kuliziba

Boti ya pantoni, yaani inayoelea juu ya maboya marefu ya alumini, ikilalia upande mmoja, au ikizamisha tezi (nyuma yake) kuliko ilivyozoea, mara nyingi ina maji ndani ya boya. Kwanza jua ni kiasi gani. Kikombe kimoja au viwili si mvujo. Ni unyevu wa hewa iliyofungiwa ndani. Lita kumi na kuendelea, kuna tundu.

Tundu lenyewe laweza kuwa dogo kuliko ncha ya sindano. Boya likishinda juani, hewa ya ndani hufika nyuzi 40. Likishushwa kwenye maji ya nyuzi 25, presha ya hewa hiyo hushuka kwa karibu asilimia 5, na boya hufyonza maji kwa nguvu sawa na kina cha nusu mita. Ndiyo sababu kitundu kilicho juu ya mstari wa maji, mahali panapopigwa na mawimbi tu, kinaweza kulijaza boya polepole bila mtu kugundua.

Usiyamwage maji mapema

Maji yaliyomo yatakuonyesha yalikoingilia. Pandisha boti kwenye trela, omo (mbele yake) iwe juu kidogo. Kausha boya kwa kitambaa, paka unga wa chaki kwenye mishono ya chini, acha saa chache. Palipolowa, tia alama kwa kalamu isiyofutika. Kisha gonga boya kwa nyundo ya mpira kutoka chini kwenda juu; sauti hubadilika pale maji yanapoishia. Gonga kila chumba, kwani boya la kawaida limegawanywa kwa kuta za ndani, na chumba kimoja kikijaa vingine vyaweza kuwa vikavu kabisa.

Baada ya hapo fungua kizibo cha tezi. Kama boya halina kizibo, toboa juu, si chini, ufyonze maji kwa mpira. Tundu la juu halikai majini na huzibika kwa urahisi. Tenki la petroli na mipira yake viondoke kabla ya kuwasha drili au mashine yoyote ya kutoa cheche, na si baada ya kuanza kazi.

Presha ndogo, subira kubwa

Psi 2 (pauni 2 kwa inchi ya mraba) ndiyo mwisho, usizidishe. Kwenye kifuniko cha boya lenye kipenyo cha sentimita 60, psi 2 ni msukumo wa karibu kilo 400. Kompresa ya gereji iliyoachiwa bila kidhibiti itapasua mishono iliyokuwa mizima, na utakuwa umejitengenezea kazi ambayo haikuwepo.

Geji ya tairi haisomi vizuri presha ndogo namna hii, kwa hiyo tumia mpira mwembamba unaoonekana ndani, wa urefu wa mita 4 hivi. Ufunge kwenye nguzo kwa umbo la herufi U, miguu yote miwili iwe na urefu wa zaidi ya mita 1.5, utie maji mpaka yafike sentimita 70 juu ya kona ya chini katika kila mguu. Mguu mmoja uunganishe na boya, mwingine uache wazi. Tofauti ya mita 1 kati ya maji ya pande mbili ni psi 1.4, nayo inatosha kwa kazi hii. Ikikaribia mita 1.4, hewa itapenya kwenye kona na kutoka yenyewe. Kwa hiyo kipimo hiki kinakulinda pia usipite kiasi.

Jaza hewa kwa pampu ya mguu kupitia tundu la kizibo, au kupitia valvu ya tairi isiyo na tyubu iliyopachikwa kwenye tundu la milimita 11.5 juu ya boya. Chumba ni kikubwa, usishangae ukikanyaga mara mia. Ukiona chumba cha jirani nacho kinapanda presha, ukuta wa kati unapitisha hewa. Andika hilo, ila tundu la nje lishughulikiwe kwanza.

Changanya sehemu moja ya sabuni ya vyombo na kumi za maji, paka kwa brashi, ukiwa kivulini ili povu lisikauke. Anza na kizibo chenyewe na nyuzi zake. Ni aibu kung'oa sitaha nzima kisha kukuta kosa ni mpira wa senti chache. Fuata miisho ya mkuku (ubavu wa chini unaopita katikati ya boya), vishikio vinavyobeba sitaha, mshono wa kichwa cha omo, na mahali injini inapofungwa. Tazama kila sehemu kwa dakika nzima. Kitundu kidogo hutoa povu jeupe laini linalokua taratibu, nalo hupitwa na mtu mwenye haraka.

Jua chanzo kabla ya kuziba

Ufa pembeni mwa mshono wa kishikio umetokana na kutikisika: chunguza bolti zilizolegea, la sivyo ufa utarudi kando ya kiraka chako. Vishimo vingi vidogo vyenye unga mweupe ni kutu ya alumini, mara nyingi pale boya lilipolala kwenye mbao zenye dawa ya shaba. Mikwaruzo na wembamba chini ni mawe ya ufukweni.

Kuchomelea

Ufa unaotokana na kutikisika uchomelewe. Gundi haitadumu hapo. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Saga mpaka chuma king'ae, futa kwa asetoni, sugua kwa brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Maboya mengi ni alumini ya aina ya 5052. Waya wa kuchomelea wa aina ya 5356 unaifaa. Kwa TIG (kuchomelea kwa ncha ya tungsteni ndani ya gesi), mkondo wa AC, anzia ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Acha kizibo wazi muda wote, na ndani pawe pakavu: hewa iliyofungiwa ikipata joto hutoboa mshono ungali majimaji. Kiraka kizidi ufa kwa sentimita 3 kila upande na kona zake ziwe za mviringo. Boya lililojazwa foamu lisichomelewe, moshi wake ni sumu. Na kama mtu aliwahi kupaka silikoni hapo, iondoe yote, vinginevyo mshono utajaa matundu.

Epoksi

Kwa vishimo vidogo, epoksi ya baharini inafaa. Piga msasa namba 80, futa kwa asetoni, paka epoksi mara moja, kisha piga msasa tena juu ya epoksi ikiwa bado mbichi, kwa sababu alumini hujifunika ngozi mpya ndani ya dakika chache. Ongeza kitambaa cha fiber. Fanya kazi hii alasiri joto linaposhuka, kizibo kikiwa kimefungwa, ili boya livute epoksi ndani ya tundu. Asubuhi hewa hutanuka na kuisukuma nje.

Ikishakauka, rudia jaribio la mita 1 kwa nusu saa kivulini. Nyuzi moja tu ya joto husogeza kipimo kwa sentimita 3 na nusu hivi, kwa hiyo usihukumu jua likiwa linapiga. Ukipaka rangi sehemu inayokaa majini, epuka yenye shaba. Maji ya chumvi yanahitaji anodi (vipande vya metali vinavyoliwa na kutu badala ya boya) za zinki au alumini, maziwa na mito yanahitaji magnesiamu.