Karatasi ya inspeksheni ya HUD imebandikwa mlangoni? Soma hii kabla hujaanza kupiga deki

Jamani ndugu zangu mnaokaa kwenye apatimenti za serikali huku Marekani, ile karatasi ya "HUD wanakuja kukagua" (HUD ni wizara ya nyumba ya Marekani) inatutia presha kuliko inavyostahili. Kila ikibandikwa naona watu wanavyohangaika, mtu anakesha anasugua oveni, mwingine anawaamsha wageni usiku waende kulala kwa ndugu, na mama mmoja jirani yangu alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama hao ndo uhamiaji. Hapana mama. Yule anakuja kukagua jengo. Kazi yake si kukuuliza makaratasi wala kupekua droo zako, na suala la wageni ni la mkataba wako na ofisi, yeye halimhusu. Anatakiwa awe na kitambulisho chenye picha, muombe uone.

Tena siku hiyo anayepewa maksi ni mwenye jengo. Maksi ni 100, likipata chini ya 60 limefeli, ndo maana unaona ofisi ambayo miezi yote haipokei simu yako ghafla wanapaka rangi ngazi na kubadilisha taa za korido. Sasa hapo ndo nataka tuelewane: hizo wiki kabla ya ukaguzi ndo wakati wako wewe wa kutengenezewa vitu, usizitumie kuficha ubovu wao. Yule jirani yangu bafuni kwake kulikuwa na ukungu mweusi ukutani, mkubwa kama sinia la pilau, na maji yalikuwa yanashuka toka ghorofa ya juu, yeye akatundika kanga pale juu ili asionekane mchafu. Kanga nzuri kabisa, na nyuma yake ukuta unaoza na watoto wanakohoa. Nikamwambia shusha hiyo kanga, huo si uchafu wako, hilo ni bomba lao.

Cha kufanya ni kuandika. Ukimwambia fundi kwenye ngazi ataitikia "oke oke" na kesho kasahau. Piga picha, tuma ombi la matengenezo kwa meseji au kwenye mtandao wao, weka tarehe, tunza nakala. Kingereza kikigoma, waambie unahitaji mkalimani, na usimtume mtoto wa darasa la nne akakutafsirie mambo ya bomba na ukungu.

Ila kuna vitu ni vyetu, na hapa niseme ukweli. Tangu 2023 wanatumia viwango vipya vinavyoitwa NSPIRE, vinaangalia zaidi ndani unapolala, na kosa la hatari linatakiwa lirekebishwe ndani ya masaa 24, la kati siku 30, dogo siku 60. Kosa la hatari namba moja majumbani kwetu ni kengele ya moshi. Tunapika chapati, mafuta yanafuka, kengele inalia, mtu anapanda kiti anachomoa betri au anaivalisha ile kofia ya plastiki ya kuogea, na inabaki hivyo mwaka mzima. Nawaomba sana, hiyo ivueni leo hata kama hakuna ukaguzi. Inatakiwa iwepo kila chumba cha kulala, nje ya vyumba na kila ghorofa ya nyumba. Ukitaka kukaanga, washa feni ya juu ya jiko na fungua dirisha kabla hujamimina mafuta, hapo kengele haitakusumbua sana.

Kitu cha pili ni njia ya kutokea moto ukiwaka. Watoto watatu chumba kimoja, kitanda cha ghorofa, kabati likakosa pa kukaa likawekwa mbele ya dirisha, au lile pipa unalojaza vitu vya kutuma nyumbani limekaa nyuma ya mlango miezi mitano mlango unafunguka nusu. Ondoa. Korido pia usiache baiskeli wala kigari cha mtoto.

Umeme ni rahisi kuujaribu mwenyewe. Soketi ya karibu na sinki, ndani ya futi 6 hivi, inatakiwa iwe na kinga ya kukata umeme, mara nyingi ni ile yenye vibonyezo viwili vilivyoandikwa TEST na RESET. Bonyeza TEST, umeme ukate, bonyeza RESET urudi, isipofanya hivyo andika ombi. Soketi au swichi iliyovunjika kifuniko hadi nyaya zinaonekana hiyo ni ya hatari, isisubiri. Washa pleti zote za jiko moja moja. Na baridi ikianza hita iweze kufikisha 68 Fahrenheit, yani 20 zile za kwetu.

Siku yenyewe hawaingii nyumba zote kama jengo ni kubwa, zinachaguliwa kwa sampuli, kwa hiyo usishangae jirani karukwa wewe umegongewa. Atakuja na mtu wa ofisi. Viatu pengine hatavua, basi kunja mkeka wa kuswalia uweke juu. Akiwa ndani muoneshe yale uliyoandikia ofisi, hata kwa kidole tu, hukatazwi.

Wenye vocha, yani ule msaada wa serikali wa kulipia kodi, mnaopanga kwa mtu binafsi, kwenu anakuja mtu wa mamlaka ya nyumba ya mji. Mwenye nyumba asiporekebisha makosa yake anaweza kusimamishiwa malipo, lakini kosa likiwa lako, kama umeme uliotakiwa ulipe wewe umekatwa, vocha yenyewe inaweza kuingia hatarini, kwa hiyo msichelewe kurekebisha.

Na wakishaondoka msiache kufuatilia. Kama kwako kimeonekana kitu cha hatari fundi anatakiwa afike ndani ya hayo masaa 24, akimaliza jaribu mwenyewe kabla hajashuka ngazi: bonyeza kitufe cha kengele usikie inalia, funga na fungua dirisha, piga picha ilivyo sasa uiweke pamoja na ile ya kwanza.