Wembe, mashine, krimu au waksi? Chagua njia ambayo siku ya tatu haitakutesa

Wengi tunachagua njia ya kutoa nywele za mwili kwa kuangalia siku ile ile, umetoka kuoga unajipapasa pako laini, umeridhika, unasema hii ndo yenyewe. Mi nakwambia subiri siku ya tatu. Hiyo ndo siku utajua kama kwapa linawasha ukiwa umeshika bomba la daladala na huwezi kujikuna mbele za watu, kama mapajani pametoka vipele vyenye kichwa cheupe, kama kila ukitembea chupi inakukwangua. Njia ya kwako ni ile ambayo siku ya tatu hata hukumbuki kama ulinyoa.

Kinacholeta shida ni nywele zetu zenyewe. Unywele wa kipilipili ukiukata chini kabisa unabaki na ncha kali, afu kwa vile umejikunja, ukianza kuota tena unageuka unaingia kwenye ngozi badala ya kutoka nje, na mwili unauchukulia kama mwiba, pale pale panavimba. Vipele vikipona vinaacha doa jeusi linalokaa miezi. Mwenye nywele za singa anaweza kupitisha wembe kila siku na asipate kitu, na video nyingi za YouTube zimetengenezwa na watu wa aina hiyo, kwa hiyo usishangae umefuata kila hatua na bado umetoka vipele.

Kwa hiyo kabla ya yote jaribu mashine. Nasema ile ndogo ya kuchaji, sio lazima ya bei mbaya, ilimradi meno yake hayajapinda. Mashine haikati mpaka kwenye ngozi, inaacha kama milimita moja hivi, na hiyo milimita moja ndo inayokuokoa maana unywele haupati nafasi ya kurudi ndani. Najua wadada wengi wanaikataa kwa sababu haitoi ule ulaini wa mtoto, sawa, lakini kama una historia ya vipele, au una kisukari, au ukichubuka kidogo tu unaota kovu lililovimba (kelodi), ulaini usikudanganye. Sehemu za siri weka kile kichana chake maana ngozi ya huko ni legelege inaingia kwenye meno kirahisi, nyoa ukiwa mkavu, na mashine iwe yako peke yako, usichukue ya mzee anayonyolea ndevu ukarudisha kimya kimya.

Wembe sasa. Sikukatazi, ni rahisi, unapatikana kila duka, ila wengi tunaunyanyasa wenyewe, yani mtu anachukua ule ule wa mwezi uliopita uliolala bafuni umelowa, anapaka sabuni ya kipande, ananyoa haraka haraka asubuhi ya kwenda kwenye sherehe, afu anapuliza deodoranti juu yake. Fanya hivi. Kama nywele ni ndefu zipunguze kwanza na mkasi au mashine. Oga maji ya uvuguvugu, nyoa mwishoni sio mwanzoni, maana nywele zikishanyonya maji zinalainika. Paka kitu kinachoteleza, jeli ya kunyolea kama unayo, kama huna hata kondishona ya nywele inafaa. Wembe uende kule nywele zinakoelekea, usikandamize, usiivute ngozi ikakaza sana, maana ukikaza unywele unakatwa chini zaidi ya ulivyotaka na ukiachia unazama ndani. Kwapa ndo lina fujo kidogo kwa sababu nywele zake zinaota kila upande, zingine zinaangalia juu zingine chini, angalia kwenye kioo kwanza. Pitisha mara moja, ukipitisha mara tano hapo hapo unakwangua ngozi tu. Suuza na maji ya baridi, kausha kwa kugusisha taulo, paka mafuta yasiyo na manukato. Na nyoa usiku, ili ngozi ilale bila jasho wala deodoranti.

Kuna wanaoogopa kwamba ukinyoa na wembe nywele zinarudi nene. Hapana, wembe hauwezi kugusa mzizi, kinachotokea ni kwamba unywele uliokatwa unarudi na ile ncha iliyokatwa, sio ile nyembamba ya mwanzo, ndo maana unauona mgumu.

Na ndimu jamani. Hii tabia ya kusugua kwapa na ndimu baada ya kunyoa ili lisiwe jeusi, mtaniudhi. Ukiachilia mbali kwamba inaunguza pale palipokwanguliwa, maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi afu ukatoka juani yanaunguza kweli kweli mpaka malengelenge, na doa lake ni jeusi kuliko ulilokuwa unalikimbia. Spiriti nayo iache, inakausha na kuwasha tu.

Krimu ya kunyolea nitaisema kwa ufupi. Inayeyusha unywele kwa kemikali, haiachi ncha kali kama wembe, kwa hiyo kuna watu inawafaa sana kwenye miguu na mikono. Lakini ile ile inayoyeyusha unywele inaweza kula na ngozi. Pima kwanza kwenye sehemu ndogo, ngoja siku nzima uone, usizidishe dakika zilizoandikwa kwenye boksi hata kama nywele hazijaisha, na huko chini ishie juu kwenye kinena tu, kwenye ngozi laini ya ndani isiguse kabisa. Kama umechubuka au umenyoa jana, ahirisha.

Waksi ya sukari, wengine wanaita halawa, hii ndo nayoipenda mimi kwa miguu, mikono na kwapa, na vitu vyake viko jikoni. Sukari vikombe viwili, maji robo kikombe, maji ya ndimu robo kikombe (hapa ndimu ina kazi ya maana, inazuia sukari isirudi kuwa chenga). Weka kwenye sufuria nzito, moto mdogo, koroga mwanzoni mpaka sukari iyeyuke afu iache ichemke taratibu. Usiondoke, ikibadilika rangi inakimbia. Ikifika rangi ya asali chota kidogo udondoshe kwenye glasi ya maji baridi, ikijikusanya ukaweza kuifinyanga kidonge laini ujue tayari, ikisambaa bado, ikiwa ngumu inalia kach umeunguza, anza upya. Epua uache ipoe vizuri, ipoe kweli, sukari ya moto inaganda kwenye ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji ya moto, watoto wasiwepo jikoni.

Paka poda kidogo mahali unapotoa, hasa huku kwetu Pwani kwenye joto, maana jasho linafanya waksi iteleze isishike. Chukua donge, lisambaze kinyume na nywele zinavyolala, afu ulivute kwa haraka kufuata nywele zinavyolala, mkono uwe karibu na ngozi, usivute kwenda juu hewani. Mkono mwingine ushikilie ngozi. Inauma, sitadanganya, mara ya kwanza kwapani unaweza kuita mama, ila inakaa wiki tatu mpaka nne, na ukikosea inatoka na maji tu. Nywele ziwe na urefu wa kama milimita tano, zikiwa fupi zinakatikia katikati na hapo ndo vipele vinarudi. Siku chache kabla ya hedhi maumivu yanakuwa makali zaidi, chagua wiki nyingine. Na kama unatumia dawa za chunusi za retinoidi (zile za jamii ya vitamini A), za kupaka au za kumeza, usifanye waksi hapo unapopaka, na kama unameza usifanye kabisa, ngozi itatoka na waksi. Sehemu za siri mara ya kwanza nenda kwa mtu anayeijua kazi, na uangalie kama anachovya kijiti kile kile kilichogusa mteja kwenye kopo, ukiona hivyo vaa nguo zako uondoke.

Kwa Waislamu ratiba hii haina tatizo, hadithi ya Anas bin Malik imeweka mpaka wa kutoziacha nywele za kwapa na sehemu za siri zaidi ya siku 40, na wiki nne ziko ndani yake.

Leza ni habari ya pesa na subira, vipindi sita au zaidi, vikiachana wiki kadhaa. Kwa ngozi nyeusi uliza swali moja kabla hujalipa: mashine yenu ni Nd:YAG? Hiyo ni aina ya leza yenye mawimbi ya nanomita 1064, inapita chini ya rangi ya ngozi kwa usalama zaidi. Wakikujibu IPL (mashine ya kumulika mwanga mkali, sio leza yenyewe), au wakaanza kuzungukazunguka, toka, maana mwanga ule unanaswa na weusi wa ngozi yako na unaweza kukuachia alama za kuungua. Katikati ya vipindi unanyoa tu, hunyonyoi, kwa sababu leza inautafuta mzizi.

Vipele vikishatoka, acha kunyoa wiki kadhaa, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu, usichokonoe na pini, na zile tyubu za mchanganyiko zenye steroidi tunazopaka kila kitu zinatuliza leo zinaifanya ngozi nyembamba kesho. Jipu linalouma, lina usaha, na homa juu, hilo ni la hospitali. Na mdada ambaye nywele zinamjaa kidevuni na hedhi inarukaruka aende akapimwe homoni, asihangaike na kibano peke yake.

Wajawazito, najua mnaambiwa muende leba mmeshanyoa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 kuhusu upasuaji unasema nywele ziachwe, na ikilazimika zipunguzwe kwa mashine, wembe hapana, kwa sababu vile vidonda vidogo usivyoviona ni mlango wa wadudu. Kwa hiyo kama tumbo limeshakuzuia kuona huko chini, mashine yenye kichana, au uache hivyo hivyo, mkunga ameona mengi.