Kope Zinazovimba Msimu wa Bakajani Hazichomwi na Jua

Baridi hii ya Juni hadi Agosti bakajani, ule ugonjwa wa ukungu, imeshambulia nyanya na viazi, na kila shamba hapa Nairobi kuanzia Ruai hadi Waithaka linapulizwa dawa ya ukungu. Kupuliza mnajua. Shida iko kwenye zile dakika mbili za kabla. Mtu ameinamia bomba kavu la kupulizia, anakung'uta pakiti ya mankozebu, ile dawa ya ukungu ya unga, kwenye mdomo wa bomba, na wingu la unga linampanda usoni. Mikononi ana glavu. Uso uko wazi.

Siku ya pili au ya tatu kope zinavimba, shingo inawasha, ngozi ya nyuma ya masikio inapasuka. Kwa kuwa haikumtokea siku ileile, anasingizia jua. Jamani, jua linafikaje chini ya kidevu, nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya kope? Vumbi ndilo linalofika huko. Palipovimba ndipo pa kuangalia kwanza.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mtu anaweza kuitumia dawa hiyo miaka mingi bila neno, kisha mwili ukaikataa. Ukishaikataa, kwa kawaida ni maisha yote, na vumbi dogo tu linatosha kumrudishia ugonjwa. Namjua mkulima wa Mwiki ambaye sasa anamlipa kibarua kila wiki kufanya kazi aliyokuwa akiifanya mwenyewe.

Sasa vipimo, na msikilize. Bomba la lita 20 kwa kawaida huchukua gramu 40 hadi 50, ila lebo ya pakiti yako ndiyo ya kufuata. Pima kwa mizani, mahali pasipo upepo, ndani ya mkebe wenye kifuniko. Kifuniko cha soda si kipimo! Tia lita 2 za maji kwenye ndoo kwanza. Shusha mdomo wa mkebe ndani ya ndoo hadi sentimita 5 juu ya maji, mwaga polepole, ukoroge kwa mti mrefu mpaka uwe uji. Jaza bomba nusu, lita 10, mimina ule uji, kisha ongeza maji hadi 20. Unga uliolowa hauruki. Mnaoanza na unga halafu maji, mnajiumiza bure.

Changanyeni kabla ya saa tatu asubuhi, upepo ukiwa umetulia, na uwapige ubavuni. Najua mmezoea kuupa mgongo, lakini mwili ukiuzuia upepo, hewa huzunguka mbele yako na kukurudishia unga usoni.

Vaeni miwani iliyozibwa pembeni. Ya jua haisaidii. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi. Leso uliyojifunga wiki jana bila kuifua ni unga uleule unaojipaka mashavuni. Usijifute jicho kwa glavu. Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi zisipande matatu nawe wala zisifuliwe pamoja na za watoto. Kwenye grinihausi, subirini saa 24, milango ikiwa wazi, kabla ya kurudi kuchuma au kupogoa. Kama lebo inataja muda mrefu zaidi, fuateni lebo.

Ukifanya hivyo, unapunguza sana hatari ya muwasho wiki ya kupuliza.

Aliyekwisha kuvimba asinunue krimu ya kusafisha uso kibandani. Nyingine zina steroidi, nazo hufanya ngozi ya kope iwe nyembamba. Aende kliniki ya ngozi na pakiti tupu mkononi, iliyofungwa ndani ya mfuko. Daktari anaweza kumbandika mgongoni vibandiko vya kupima mzio, yaani kitu ambacho mwili unakikataa, avisome baada ya saa 48 na tena siku zinazofuata. Na kwa wenye vibarua: Sheria ya Kenya ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inahesabu pia magonjwa yanayotokana na kazi, kwa hiyo uso wa kijana unayemtuma kuchanganya dawa ni jukumu lako. Miwani mnunulie wewe, kabla ya bomba la kesho.