Kabla ya kupima ukali na rangi za vinyonga: mambo ya kuzingatia

Mwaka 2013 Russell Ligon na Kevin McGraw wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, walionyesha kuwa madume wawili wa kinyonga wa Yemen wakikabiliana, mistari ya ubavuni inayong'aa zaidi hutabiri nani atamsogelea mwenzake. Kichwa kinachong'aa, na kasi ya kubadilika kwake, hutabiri nani atashinda. Wangepima rangi ya mwili mzima kwa jumla wasingeliona hilo. Kwa hiyo amua mapema sehemu utakazopima, na uzipime zilezile kwa kila mnyama.

Kazi kubwa iko kwenye mwanga. Kamera ukiiachia ijirekebishe yenyewe, kijani kilichokolea saa nne kitaonekana kimepauka saa tano, ilhali kinyonga hajabadilika hata kidogo. Zima marekebisho yote, hifadhi picha ghafi zisizobanwa, na weka kadi ya kijivu, yaani kipande cha rangi inayojulikana cha kulinganishia mwanga, ndani ya kila picha, karibu na mnyama. Kumbuka pia kwamba kinyonga huona miali ya urujuanimno ambayo kamera ya kawaida haiipati. Kama swali lako ni jinsi mpinzani anavyomwona mwenzake, tafuta spektromita, kifaa kinachopima mwanga, pamoja na urujuanimno.

Halafu joto. Kinyonga aliyepoa asubuhi huwa mweusi ili apate joto la jua, wala si hasira wala woga. Usianze hadi wote wawili wamepata joto la kutosha, na andika nyuzi joto kila mara.

Ukali nao uandikiwe maana kabla: kujibapa, kukunja mkia, kuyumba, kusogelea, kuuma. Mimi ningesisitiza video ya tabia isomwe ikiwa nyeusi na nyeupe, na watu wawili kila mmoja peke yake, maana rangi kali humfanya msomaji aone ukali hata usipokuwepo.

Pima uzito na urefu wa wapinzani, na wasionane kabla ya siku yenyewe. Kama utafiti wako uko Kenya, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kitangulie kununua vifaa.

La mwisho, weka kikomo cha pambano na mtu wa kulisimamisha. Dume anayefifia na kuwa mweusi amekubali kushindwa: andika sekunde, mtoe.