Muziki baada ya upasuaji: ninavyoutumia wodini na nyumbani, hapa Tanga

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mtaalamu wa tiba ya muziki husomea kazi hiyo, nami sikuisomea. Ninachoeleza hapa ni kusikiliza muziki kwa mpangilio, jambo ambalo ndugu wa mgonjwa anaweza kulifanya kwa simu aliyonayo. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 70, zenye wagonjwa karibu 7,000. Waliosikiliza muziki walipungukiwa na maumivu na wasiwasi, na dawa za maumivu walizohitaji zilikuwa chache zaidi. Siku za kulazwa hazikupungua. Kwa hiyo usimuahidi mgonjwa kwamba atatoka mapema.

Na dawa zinaendelea kama zilivyoandikwa. Muziki unakaa pembeni ya dawa, hauchukui nafasi yake.

Hatua ya 1: Muulize mwenyewe, kabla ya upasuaji

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea kuliko wote. Mama mmoja alijifungua kwa upasuaji. Usiku akawa anahangaika, nami kwa kujiamini nikamwekea kasida nzuri ya taratibu. Machozi yakamtoka. Kumbe ndiyo iliyosomwa kwenye arobaini ya mama yake. Na mwenye mshono mbichi tumboni akilia kwa kwikwi, mnajua anavyoumia.

Tangu siku hiyo nauliza maswali mawili: "Ukitaka kutulia unasikiliza nini?" na "Kipi hutaki kukisikia kabisa?" La pili lina faida kubwa kuliko la kwanza. Wapo wasiosikiliza ala, hao wawekee kisomo cha Kurani au kasida isiyo na vyombo. Wapo wanaotaka kwaya ya kanisani kwao. Mzee mmoja mvuvi wa Deep Sea, diko la samaki la hapa Tanga, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, kijana wake alimletea sauti za ndege na maji yanayotiririka. Mzee akaniambia, "Mwanangu, maji nimeyasikia miaka hamsini, nitolee." Alichotaka ni taarab za enzi ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa Tanga, alizocheza nazo harusini akiwa kijana.

Hatua ya 2: Pima mwendo

Tafuta nyimbo zenye mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, karibu na mwendo wa moyo uliotulia. Gonga kidole ukifuata ngoma huku ukitazama saa: kwa sekunde 15 upate mapigo 15 hadi 20. Singeli mara nyingi hupita 200, hiyo iache mpaka apone. Taarab ya kisasa nayo iangalie kwa sababu ya maneno. Mipasho haimlazi mtu, inamkumbusha jirani.

Lakini wimbo anaoupenda ukizidi mwendo huo kidogo, uache uendelee. Penzi lake lina nguvu kuliko hesabu yako.

Hatua ya 3: Andaa simu

Pakua nyimbo za dakika 30 hivi, ziwe ndani ya simu au kwenye memori kadi. Ukitegemea intaneti, bando litakata, au tangazo la sabuni litalipuka katikati na mgonjwa atashtuka. Weka simu kwenye hali ya ndegeni ili shangazi wa Muheza asipige saa nne usiku. Sauti iwe ndogo kiasi kwamba ukizungumza naye kawaida anakusikia. Wodini tumia hedifoni, tena sikio moja tu katika saa za kwanza baada ya nusu kaputi, maana tunamwita na lazima atusikie.

Hatua ya 4: Chagua wakati

Usingoje mpaka apige kelele. Maumivu yakishapanda, hata wimbo wa mapenzi yake unamkera. Vidonge vya maumivu huhitaji kama nusu saa hadi saa moja kufanya kazi, basi mpe muziki katika muda huohuo wa kungoja. Nyakati nyingine nzuri ni kabla ya dresingi na kabla ya kuinuka kitandani mara ya kwanza. Dakika 20 hadi 30, mara mbili au tatu kwa siku. Mwambie atoe pumzi polepole akifuata wimbo.

Hatua ya 5: Muulize namba

Kabla na baada, muulize maumivu ni ngapi kutoka 0 hadi 10. Wazee wengi huona rahisi kuonyesha kwa vidole. Andika kwenye daftari. Kutoka saba kushuka hadi tano ni nafuu ya kweli. Ikibaki saba siku nzima, badilisha nyimbo, kisha mwambie muuguzi kwamba dawa haitoshi.

Hatua ya 6: Usiku

Nyimbo za usiku ziwe zilezile kila siku, kwa mpangilio uleule, mwili uzizoee kama mtoto anavyozoea bembelezi. Anza baada ya kumuweka vizuri: ameshakwenda haja, mto uko pale anapoutaka, chandarua kimeshushwa. Dakika 30 hadi 45, na simu ijizime yenyewe. Usiku wa kwanza usitegemee makubwa, mpe siku tatu nne. Akisinzia, mtoe hedifoni, waya usimzunguke shingoni.

Hatua ya 7: Lini uzime na kuita

Homa, usaha au damu kwenye mshono, tumbo kuvimba na kukaza, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hapo zima muziki, muite muuguzi. Kama mko nyumbani, rudini hospitali usiku huohuo.

Yule mzee wa Deep Sea alipokuja kutolewa nyuzi nilimuuliza kama bado anasikiliza. Akasema kijana ameshaondoka na simu yake, sasa analalia redio ya mpangaji wa chumba cha pili, na amemwomba asiizime kabla ya saa tano.