Kuotesha Lili kwa Mbegu za Chotara Ulizochavusha Mwenyewe

Lili ninayoizungumzia hapa ni ile yenye kitunguu cha magamba na ua jeupe linalofanana na tarumbeta, ambayo huku kwetu hupamba madhabahu na meza za harusi. Si yungiyungi la majini, wala si nyinyoro ya porini, ingawa sokoni majina hayo hutumiwa kiholela. Wakulima wengi huizidisha kwa kugawa vitunguu. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina kasoro mbili: kitunguu hurithi virusi vya mmea kilikotoka, na mmea mpya ni nakala ya ule uliokwishakuwapo. Mbegu kwa kawaida haibebi virusi vya lili, na mbegu ya chotara hukupa mimea ambayo haipo katika bustani ya mtu mwingine yeyote.

Nimeifanya kazi hii kwa misimu kadhaa hapa Lushoto, katika milima ya Usambara, ambako usiku wa Juni na Julai una baridi ya kutosha kuifurahisha lili. Anayeishi Tanga mjini au Dar es Salaam atapata tabu, kwa kuwa lili haipendi joto linalokaa usiku kucha. Niseme pia mapema kwamba kuotesha mbegu hizi si kazi ngumu. Kinachowashinda wengi ni kujua kwa hakika wameotesha nini.

Hatua ya kwanza: kuchagua wazazi

Kosa kubwa la anayeanza ni kuchukua lili mbili zozote zilizochanua siku moja na kuzichanganya. Lili zina makundi yake, na makundi hayo hayaoani ovyo. Ukimchavusha mama wa kundi la Oriental kwa chavua ya kundi la Asiatic, tunda laweza kuvimba vizuri kabisa likakupa matumaini, kisha ukalipasua na kukuta makapi matupu, kwa sababu kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, hufa mapema. Wataalamu huvikwamua viinitete vya namna hiyo maabara, jambo ambalo bustanini haliwezekani. Vilevile, lili nyingi zinazouzwa kama maua ya kukata zimetokana na makundi yaliyochanganywa, na nyingi kati yake zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa hiyo ni tasa au karibu na utasa. Lili ya rangi ya chungwa yenye madoadoa, inayoota vijitunguu vyeusi kwenye vikwapa vya majani, nayo mara nyingi ni ya namna hiyo.

Jozi ninayompendekezea anayeanza ni *Lilium longiflorum* kuwa mama na *Lilium formosanum* kuwa baba. Zote mbili asili yake ni visiwa vya Asia ya Mashariki: ya kwanza hupatikana katika visiwa vya Ryukyu na Taiwan, ya pili Taiwan. Wajapani walikwishazioanisha zamani, na uzao wake, uitwao *Lilium × formolongi*, hukuzwa kwa mbegu kwa sababu huchanua baada ya mwaka mmoja hivi, ilhali lili nyingine nyingi hukusubirisha miaka miwili, mitatu au zaidi.

Usizibadilishe nafasi hizo bila sababu. Longiflorum kwa kawaida hukataa chavua yake yenyewe, kwa hiyo mbegu utakazozipata ni za baba uliyemchagua wewe. Formosanum hujichavusha bila haya, na ukiifanya mama pasipo uangalifu mkubwa, utavuna watoto wa formosanum tupu huku ukiwatangaza kuwa chotara.

Hatua ya pili: kukusanya chavua

Chagua ua la baba lililofunguka asubuhi hiyo, kabla vifuko sita vya chavua havijapasuka. Ving'oe kwa kibanio, uviweke juu ya karatasi nyeupe mahali pakavu pasipo upepo, na kufikia jioni vitakuwa vimepasuka na kutoa unga. Kama mama bado hajachanua, weka vifuko hivyo katika kichupa pamoja na kijipakiti kimoja cha kunyonya unyevu, kama vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kisha uhifadhi ndani ya jokofu. Vitakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Kwenye friza huweza kumaliza mwaka, mradi vimekauka barabara kwanza.

Unga huu ukikuangukia kwenye nguo, usiupanguse kwa maji wala kwa mkono, kwani rangi yake haitatoka tena. Ubandue kwa selotepu. Mwenye paka afahamu kuwa kila sehemu ya lili, hata chavua na maji ya chombo cha maua, ni sumu inayoua figo za mnyama huyo.

Hatua ya tatu: kuchavusha

Mchague mama mwenye afya, kisha utafute tumba ambalo limeanza kuwa jeupe na kulegea nchani, dalili kwamba litafunguka kesho. Lifungue taratibu kwa vidole, uondoe vifuko vyote sita, na uhesabu ulivyoviondoa. Nimesema kwamba longiflorum hukataa chavua yake, lakini nyuki hawafuati mpango wetu, na chavua ya lili ya jirani aliyenunua vitunguu vya aina nyingine haitakataliwa.

Katikati ya ua utabaki mlingoti mrefu wenye kichwa cha pembe tatu, ambacho ndicho stigma. Siku ya kwanza au ya pili baada ya ua kufunguka, kichwa hicho hung'aa na kutoa ute unaonata kama asali nyepesi. Hapo ndipo kiko tayari. Shika kifuko cha chavua kwa kibanio, ukisugue juu ya stigma mpaka pande zote tatu zigeuke rangi. Kisha kata kipande cha foili ya jikoni chenye upana wa vidole viwili, ukizungushe juu ya stigma kama kofia na ukibane kwa chini. Kofia hiyo ndiyo inayozuia wadudu na mvua ya vuli isikuharibie kazi, na kwa maoni yangu ndiyo tofauti kati ya mfugaji wa maua na mbahatishaji.

Andika lebo saa ileile, jina la mama likitangulia, kisha alama ya ×, kisha baba, na tarehe. Tumia penseli. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwa kalamu ya wino, na baada ya miezi miwili ya jua na ukungu nikabaki na matunda kumi na moja yaliyoning'inia vibandiko vyeupe visivyosema kitu. Niliyapanda yote, yakaota, na maua yakawa mazuri, lakini hadi leo siwezi kumweleza mtu yalitoka wapi.

Hatua ya nne: kulea tunda

Petali zitaanguka ndani ya siku chache. Ukiona ovari, yaani kifuko cha mbegu kilicho chini ya mlingoti, iliyokuwa imelala kiubavu inaanza kujiinua polepole hadi kusimama wima, jua kwamba mimba imeshika. Iliyoshindwa hunyauka na kuwa njano. Mwegemezee mmea kijiti na usikate majani yake hata kama bustani inaonekana chakavu, kwani ndiyo yanayolisha mbegu. Tunda hukomaa kwa wiki 8 hadi 12 hivi, likibadilika kutoka kijani kwenda manjano na hatimaye kahawia. Lichume linapokuwa manjano na ncha yake inaanza kupasuka, ulining'inize ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na lebo yake.

Usilisubiri lipasukie shambani. Mbegu za lili ni nyepesi kama makapi na zina ukingo unaozipeperusha. Upepo wa mchana mmoja watosha kulimaliza tunda zima. Tena si hasara yako peke yako, maana nchini Afrika Kusini formosanum iliyotoroka bustanini imekwisha kuorodheshwa kuwa gugu vamizi.

Hatua ya tano: kuchambua mbegu

Ndani ya tunda kuna vyumba vitatu, na kila chumba kina safu mbili za mbegu bapa zilizopangwa kama sarafu. Idadi isikudanganye. Tandaza mbegu juu ya kipande cha kioo, umulike kwa chini kwa tochi ya simu, na utaona kwamba baadhi zina mstari mfupi mweusi katikati, mwembamba kama uzi, ilhali nyingine zinapitisha mwanga bila kitu chochote. Mstari huo ndio kiinitete. Zisizo nao ni makapi. Zilizobaki zihifadhi kavu ndani ya bahasha, kwenye chupa iliyofungwa, katika jokofu, kama huzipandi mara moja.

Hatua ya sita: kupanda

Changanya sehemu mbili za mboji iliyochekechwa na sehemu moja ya mchanga wa mtoni uliooshwa, umwagie maji yanayochemka, uache upoe. Jaza trei yenye matundu, tawanya mbegu zisigusane, uzifunike kwa mchanganyiko huohuo kwa unene usiozidi nusu sentimita. Weka trei kivulini penye mwanga, ambapo joto ni kati ya nyuzi 15 na 20, na unyweshe kwa kuiweka ndani ya beseni la maji mpaka udongo wa juu ulowe, kwani kumwagilia kwa juu huzifukua mbegu na kukaribisha kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche.

Baada ya wiki mbili hadi nne utaona nyuzi za kijani zilizopinda, zimebeba ganda la mbegu nchani, na anayepita atadhani umepanda vitunguu vya kula. Jani la pili ndilo litakalofanana na lili. Miche ikianza kulala chini huku shina likiwa limesinyaa kwenye usawa wa udongo, hicho ni kinyausi: ondoa ile iliyoathirika pamoja na udongo wake, punguza maji, ongeza hewa.

Lili za Oriental hazifuati ratiba hii. Mbegu zake hukaa miezi mitatu hivi katika unyevu na joto la nyuzi 20, zikitengeneza kitunguu kidogo chini kwa chini bila kuonyesha jani, kisha hudai baridi ya jokofu kwa wiki sita hadi nane ndipo zichomoze. Wengi hutupa trei katikati ya safari hiyo.

Hatua ya saba: kuhamisha na kulinda

Miche ikiwa na majani matatu au manne, ihamishie kwenye tuta lililoinuliwa lisilotuamisha maji, kwa nafasi ya sentimita 15. Usihangaike kuizamisha sana. Mizizi ya lili hujikunja na kukivuta kitunguu chini hadi kina kinachokifaa. Mbolea ya maji iliyozimuliwa, kila wiki mbili, inatosha.

Jambo la kusisitiza ni umbali. Vidukari hufyonza utomvu wa lili kongwe yenye majani ya mabaka na kwenda kumwambukiza mche safi, na hapo faida yote ya kuanza na mbegu imepotea. Tuta la miche liwe mbali na lili za zamani, na mmea wowote utakaoonyesha mabaka ya manjano ung'olewe na kuchomwa bila huruma.

Hatua ya nane: kuchagua

Kwangu maua ya kwanza hutokea kati ya mwezi wa 10 na wa 14 baada ya kupanda. Mche wenye wekundu au uzambarau upande wa nje wa petali umemrithi baba bila shaka, kwa sababu mama ni mweupe tupu. Majani membamba kuliko ya mama nayo ni ushahidi, ingawa dhaifu zaidi. Usihukumu kwa ua moja. Ipe mimea msimu wa pili, kisha ubakize ile yenye shina linalosimama bila kijiti na inayochanua maua mengi kwa mpangilio mzuri. Mimi hubakiza mche mmoja katika ishirini, na mingine huwagawia majirani.

Ule mmoja hautazaa watoto wanaofanana nao kwa mbegu, kwa hiyo uzidishe kwa magamba. Bandua magamba ya nje ya kitunguu chake, yatie ndani ya mfuko wa plastiki wenye mboji nyevunyevu, uuweke mahali pa vuguvugu, na baada ya wiki sita hadi nane vijitunguu vidogo vitakuwa vimeota kwenye kitako cha kila gamba. Ndani ya mfuko huo weka lebo ya penseli, na nje yake ubandike nyingine.