Usibebe: namna ya kudumu katika kazi ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu, Lamu

Huu ni mwaka wangu wa 19 katika kazi hii, zaidi mitaa ya Langoni na Mkomani, Shela mara chache. Wengi nilioanza nao waliiacha kabla ya mwaka wa tano, wala si kwa kukosa huruma. Mmoja mgongo, mwingine ugomvi na wenye nyumba, mwingine alichoka hata akawa hataki kusikia jina lake likiitwa. Nikiwatazama wote, naona walibeba. Walibeba mwili wa mtu, wakabeba mambo ya nyumba, wakabeba na maamuzi yasiyokuwa yao. Unayeanza leo, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Uokoe mgongo kwanza

Mji wa kale hauna njia ya gari. Vichochoro ni vyembamba na mtaro umepita ubavuni, nyumba za mawe zina vizingiti na ngazi za wima, na chumba cha unayemhudumia mara nyingi kiko ghorofani. Mtu akikwama, hubebwa, ndivyo tulivyozoea. Mwaka wangu wa pili nilimteremsha binti wa miaka 14 mgongoni, peke yangu, kwa sababu niliona haya kuwaita kaka zake. Nikakosa kipago kimoja. Yeye hakuumia, alhamdulillahi. Mimi nililala sakafuni miezi 3.

Kumtoa kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu ni hivi:

1. Weka kiti ubavu wa kitanda, upande wa mwili wake wenye nguvu, kikiwa kimeelekea mshazari kidogo. Funga breki zote mbili, ondoa vikanyagio.
2. Mwambie utakachofanya kabla hujamgusa.
3. Akae ukingoni, nyayo zote mbili zimekanyaga chini.
4. Mfunge kiunoni leso iliyokunjwa. Hapo ndipo pa kumshikia. Usimvute kwa makwapa, bega la mtu aliyepooza huteguka upesi.
5. Tanua miguu yako, kunja magoti, msogeze karibu na mwili wako. Hesabuni pamoja, na "tatu" aiseme yeye, ndipo ainuke.
6. Geuka naye kwa nyayo hadi aketi kitini, usijinyonge kiuno.

Asiyeweza kusimama kabisa anahitaji ubao. Fundi seremala yeyote atakutengenezea wa sentimita 70 kwa 20, uliopigwa msasa hadi uteleze, kingo zikiwa duara. Upande mmoja unaingia chini ya paja, wa pili unalala juu ya kiti, naye anajisogeza kidogo kidogo.

Ngazi ni kazi ya watu wawili, si chini ya hapo. Kupanda au kushuka, mgongo wa aliyeketi uelekee juu ya ngazi. Mwenye nguvu zaidi ashike vishikio vya nyuma, wa pili ashike fremu ya mbele. Asishike vikanyagio, vitamchomokea mkononi. Kaka hayupo? Vijana wanaoketi barazani kwa jirani wapo. Haya ya kuomba msaada ndiyo iliyonilaza sakafuni.

Hatua ya 2: Isome bahari

Hili mafunzo ya bara hayakufundishi. Ukimpeleka mtu ng'ambo, Mokowe upande wa bara au mbele zaidi, saa ya miadi haipangwi na kliniki peke yake. Maji yakijaa, boti inakaribia kuwa sawa na vipago vya juu vya gati. Yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, mnateremka vipago vingi vyenye utelezi wa mwani huku chombo kinacheza. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku: yakijaa leo saa 4 asubuhi, kesho ni kama saa 5 kasoro dakika 10. Basi piga hesabu yako, kisha piga simu kliniki uombe saa inayolingana nayo. Nimewahi kuomba hivyo mara nyingi, na wengi huelewa ukiwaeleza.

Zungumza na nahodha siku moja kabla. Na ndani ya chombo usimfunge mtu mkanda kwenye kiti chake, hata kama bahari ni shwari. Mvalishe jaketi la kuokolea, kiti kifungwe peke yake.

Hatua ya 3: Mwenyewe yupo, muulize

Mimi mwanamke, nahudumia wanawake na watoto. Mwanamume amwogeshe mwanamume. Stara haina mjadala hapa kwetu.

Lakini stara si nguo tu. Wageni wakiingia wataniuliza mimi: "Atakunywa chai?" Jibu langu ni moja: "Mwenyewe yupo, muulize." Maneno kama kiwete na taahira yaache mlangoni; ibara ya 54 ya Katiba yetu inampa haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Akitaka kutawadha, mimina maji tu ikiwa mkono wake unafika usoni, hata kama atachukua robo saa. Wewe una haraka ya kwenda wapi?

Ramadhani ina lake. Dawa ya kifafa haikatizwi ghafla. Anayetaka kufunga amwone daktari kabla mwezi haujaandama, ajue kama inafaa, na kama dawa inaweza kuhamia futari na daku. Wewe usimruhusu wala usimkataze.

Hatua ya 4: Andikianeni

"Wewe ni mwanetu," mama wa nyumba atakwambia, "karatasi ya nini tena?" Nilishapata jibu: "Ndiyo mama, na mwana akikosana na mamake huondoka bila kuaga. Tuandikiane."

Andikeni saa za kazi, mshahara, na nani anashika zamu ya usiku. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, inakupa siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Andikeni pia usichofanya. Usipotaja, utajikuta unafua nguo za nyumba nzima na unaamua ugomvi wa mawifi.

Hatua ya 5: Daftari

Asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2. Andika saa na upande. Tazama makalio, visigino na nyonga. Wekundu usiopotea ukiubonyeza, au kwenye ngozi nyeusi sana sehemu iliyokoza rangi, yenye joto au ngumu, ni mwanzo wa kidonda. Akishikwa na kifafa, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, tazama saa. Ikipita dakika 5 ni hospitali. Daktari hupenda daftari kuliko maelezo ya mdomo, na familia ikibishana nawe daftari litasema.

Hatua ya 6: Cheti

Anza na huduma ya kwanza, kisha Lugha ya Ishara ya Kenya. Ukitaka kufika mbali ipo KISE, Nairobi, taasisi ya elimu maalumu iliyoanzishwa 1986, au diploma ya tibamaungo KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba. Mimi nilichelewa, na nililipwa kidogo kwa miaka yote hiyo.

Hatua ya 7: Kabidhi

Ukiondoka nyumba, mpe mwenzako wiki nzima mkiwa pamoja. Siku 2 za mwanzo atazame. Siku zinazofuata afanye yeye, na unayemhudumia ndiye amsahihishe. Wewe kaa kimya, jambo gumu kuliko ngazi yoyote. Mwachie ubao, leso na daftari. Mpeleke gatini maji yakipwa, umwonyeshe kipago chenye utelezi zaidi.